Homoni za Dhiki na Uraibu: Je, Kidonge Kitatosha?

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Unyanyembe kwenda pwani katika karne ya 19 alibeba mzigo wa kilo 30 hivi begani. Alitembea kwa miezi kadhaa na kukatiza nyika zisizo na maji, akijua fika kwamba njaa, ndui na wanyama wakali vinamngoja njiani. Mwili wake ulikuwa na namna yake ya kuikabili hali hiyo. Aliposikia simba akinguruma karibu na kambi, moyo ulimwenda mbio, sukari ikamiminika katika damu, usingizi ukamruka na maumivu ya bega akayasahau. Hatari ilipopita, mwili ulirejea taratibu katika utulivu wake, naye akalala. Kazi hiyo yote ilifanywa na vichocheo vya mwili, ambavyo wataalamu huviita homoni. Wanafunzi wa sekondari wanaosoma Tabora leo, mahali palepale ambapo mizigo hiyo ilifungwa na kufunguliwa, wanazo homoni zilezile, nazo hufanya kazi kwa utaratibu uleule.

Utaratibu huo wa kale ndio uliowavuta watafiti wanaotafuta tiba ya uraibu wa kokeini. Swali lao laweza kuelezwa kwa maneno machache. Mtu ameacha kokeini kwa muda wa miezi sita, na mwili wake umekwisha kujisafisha, hauna hata chembe ya dawa hiyo. Kisha anafiwa, au anaachishwa kazi, au anagombana na ndugu zake, na jioni ileile anarudi kijiweni. Ni kitu gani kinachomrudisha? Na ikiwa kinachomrudisha ni homoni zilizomiminwa na dhiki, je, haiwezekani kuzizuia kwa dawa kabla hazijamfikisha huko?

Swali ni zuri. Majibu yaliyopatikana katika muda wa miaka zaidi ya thelathini yana faida kubwa kwa Tanzania, ingawa si faida ileile inayotazamiwa na watengenezaji wa dawa. Kidonge kilichotafutwa hakijapatikana. Kilichopatikana ni ushahidi juu ya jinsi mtu mwenye uraibu anavyopaswa kutendewa, na ushahidi huo unapingana waziwazi na desturi zilizozoeleka majumbani, shuleni na mitaani.

Yamkini msomaji wa Tabora atauliza kokeini inamhusu nini. Ni kweli kwamba kliniki za uraibu za Tanzania huhudumia hasa watumiaji wa heroini, ambayo vijana huiita unga, wala si wa kokeini. Lakini mlolongo wa homoni unaozungumzwa hapa hauchagui dawa. Huguswa na kokeini, heroini, pombe na nikotini ya tumbaku. Nao mkoa wa Tabora ndio unaoongoza kwa tumbaku nchini. Zao hilo lilishika mizizi Urambo baada ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, kuanguka vibaya. Tena njia ya misafara haikufa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na leo malori ya mizigo ya Burundi na Kongo yanafuata mkondo huohuo. Njia inayopitisha bidhaa hupitisha pia mazoea. Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857 pamoja na John Speke, aliandika habari za uvutaji wa bangi alioushuhudia katika safari yake. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kutafuta nafuu ya dhiki katika moshi au katika kibuyu cha wanzuki ni jambo lililoletwa juzi na miji mikubwa.

Kirangozi, mnyapara na mpagazi

Mlolongo wenyewe una ngazi tatu, na ni rahisi kuukumbuka kwa kuufananisha na msafara. Ngazi ya kwanza ni sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo haipothalamasi. Hiyo ndiyo kirangozi: ndiyo inayotambua hatari na kutoa amri. Amri yake ni kemikali ambayo wataalamu huitaja kwa herufi CRF. Kemikali hiyo ilitambuliwa mwaka 1981 na Wylie Vale na wenzake katika Taasisi ya Salk huko California, baada ya kazi ndefu ya kuichuja kutoka katika bongo za kondoo wengi mno. Ina asidi za amino 41 tu. Ngazi ya pili ni tezi ya pituitari, ambayo ni kama mnyapara: ikipokea amri huipaza kwa homoni nyingine, ACTH, inayosafiri katika damu. Ngazi ya tatu ni tezi mbili za adrenali zilizoketi juu ya mafigo. Hizi ndizo wapagazi. Zikipata amri humimina kotisoli, na kotisoli ndiyo inayoamsha sukari, kuweka shinikizo la damu mahali pake na kuutayarisha mwili kwa taabu.

Uzuri wa mpango huu umo katika mwisho wake. Kotisoli ikiwa imejaa katika damu hurudi hadi kwenye ubongo na kutoa taarifa kwamba mzigo umefika, na kirangozi hunyamaza. Mwalimu wa bayolojia anayefundisha mada ya uratibu ataona hapa mfano safi wa kitu kinachojidhibiti chenyewe.

Dawa za kulevya huuharibu mpango huu. Mtu akitumia kokeini hupata raha kwa sababu dopamini hujaa katika sehemu fulani za ubongo. Hilo limeandikwa sana. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba kokeini hiyohiyo huiamsha CRF na kupandisha kotisoli, kana kwamba simba ameingia kambini. Nikotini nayo hufanya hivyo. Heroini ina hila yake: mtumiaji akiwa ameshiba, mlolongo hulala, na dawa ikiisha mwilini, katika hali ambayo vijana huiita arosto, mlolongo huinuka kwa nguvu. Anayetumia heroini mara tatu au nne kwa siku huuzima na kuuwasha mlolongo huu mara tatu au nne kwa siku, mwaka baada ya mwaka. Si ajabu kwamba baada ya muda kirangozi hajui tena wakati wa kunyamaza.

Panya wa Shreveport na wa Montreal

Ushahidi wa mwanzo ulitoka kwa panya. Katika mji wa Shreveport, jimbo la Louisiana, Nicholas Goeders na wenzake waliwafundisha panya kujipatia kokeini kwa kubonyeza kitufe. Panya waliotolewa tezi za adrenali hawakujifunza tabia hiyo kama wenzao wazima. Panya waliopewa dawa za kupunguza utengenezaji wa kotisoli, kama metiraponi na ketokonazoli, walipunguza kubonyeza. Dawa hizo hazikuwa ngeni: metiraponi ilikwisha kutumiwa kwa miaka mingi kupima kazi ya pituitari na kutibu watu ambao kotisoli yao imezidi kiasi, na ketokonazoli ni dawa ya fangasi.

Huko Montreal, Kanada, Jane Stewart, Yavin Shaham, Suzanne Erb na wenzao walifanya jaribio jingine linalostahili kufahamiwa na kila mwalimu. Panya walizoeshwa heroini, kisha ikaondolewa. Walibonyeza kitufe bila kupata kitu mpaka wakachoka, wakakiacha kabisa. Ndipo wakatiwa mishtuko midogo ya umeme miguuni kwa muda mfupi. Bila kuonja hata chembe ya dawa, panya walirudi kwenye kitufe. Matokeo juu ya heroini yalichapishwa mwaka 1995, na juu ya kokeini mwaka 1996. Dhiki peke yake ilitosha kuifufua tabia iliyokwisha kuzikwa.

Lakini jaribio lililofuata lilileta utata. Tezi za adrenali zilipoondolewa, na panya wakapewa kiasi kidogo tu cha homoni ya kuwaweka hai, mishtuko bado iliwarudisha kwenye kitufe. CRF ilipozuiwa ndani ya ubongo, hawakurudi. Hii ina maana kwamba CRF ina kazi mbili. Inatuma amri kwa pituitari, naam, lakini pia ni mjumbe katika sehemu nyingine za ubongo zinazohusika na hofu, ambako haihitaji tezi za adrenali hata kidogo. Kwa hiyo kuna malengo mawili yanayoweza kupigwa: homoni iliyo katika damu na mjumbe aliye katika ubongo. Tofauti hii ikisahauliwa, habari zote zinazofuata hazitaeleweka.

Kwa upande wa binadamu, Rajita Sinha wa Chuo Kikuu cha Yale hakuhitaji umeme. Yeye aliwaomba watu waliokuwa katika matibabu ya kokeini waeleze tukio lililowatia dhiki kubwa maishani mwao, akalitunga kuwa simulizi fupi, kisha akawasikilizisha. Uchu uliwapanda, mapigo ya moyo yakaongezeka, kotisoli ikapanda. Mwaka 2006 yeye na wenzake walionyesha kwamba wale ambao uchu wao ulipanda zaidi waliposikilizishwa simulizi yao ya dhiki ndio waliorejea kokeini mapema zaidi baada ya kutoka hospitali.

Kizuizi kimoja, milango mingi

Baada ya hayo, mtu yeyote angetazamia kwamba kidonge ki karibu. Matokeo hayakuwa hivyo. Mwaka 2002 Thomas Kosten na wenzake walitoa taarifa ya jaribio la ketokonazoli kwa wagonjwa waliokuwa wakitumia methadoni na ambao bado walitumia kokeini. Waliopewa ketokonazoli walizidisha kutumia kokeini, na heroini pia, badala ya kupunguza. Mwaka 2012 kikundi cha Shreveport kilitangaza jaribio dogo, la watu wasiofika 50, lililochanganya metiraponi na dawa ya kutuliza iitwayo oksazepamu, na kulinganisha mchanganyiko huo na kidonge kisicho na dawa. Hapo uchu na matumizi ya kokeini vilipungua. Matumaini yakafufuka. Hata hivyo, jaribio dogo ni jaribio dogo, na oksazepamu ni ya jamii ya dawa ambazo zenyewe huweza kumzoesha mtu.

Waliolenga CRF katika ubongo nao hawakufua dafu. Vizuizi viwili, peksaserfonti na veruserfonti, vilijaribiwa kwa watu wenye uraibu wa pombe, na taarifa zilizochapishwa mwaka 2015 na 2016 zilionyesha kwamba havikupunguza uchu. Kizuizi cha jamii hiyohiyo, krineserfonti, kilipata idhini Marekani mwezi Desemba 2024, lakini kwa ugonjwa mwingine kabisa, wa kurithi, unaoziathiri tezi za adrenali tangu utotoni. Dawa iliyofika mbali zaidi katika njia ya uraibu ni lofeksidini, iliyoidhinishwa huko Marekani mwaka 2018 kupunguza makali ya arosto ya heroini na jamii yake. Nayo haigusi kotisoli: hutuliza tawi jingine la dhiki, lile la noradrenalini, kama ifanyavyo klonidini, dawa ya zamani ya shinikizo la damu. Kwa uraibu wa kokeini, hadi sasa hakuna dawa hata moja iliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani.

Sababu za kushindwa huku zinajadiliwa bado, na wengi hulaumu dozi, au uchaguzi wa wagonjwa, au panya wenyewe. Lakini iko sababu moja iliyo mbele ya macho. Panya wa maabara hutiwa dhiki moja, saa inayojulikana, kisha hurudishwa katika tundu lenye chakula na maji. Hana deni dukani. Hana mama aliyekwisha kumkana, wala askari anayemfahamu kwa jina. Dhiki ya binadamu huingia kwa milango mingi na haina saa, na kuziba mlango mmoja kwa kidonge huku mingine yote ikiwa wazi ni kazi ngumu kwa kidonge chochote.

Kwa Tanzania kuna jambo jingine zito, ambalo majaribio ya Louisiana na Yale hayakulazimika kulifikiria sana. Kotisoli si adui. Mtu asiye nayo hafi kwa dhiki, hufa kwa kukosa uwezo wa kuihimili: shinikizo la damu huanguka, sukari hupungua, na homa ya kawaida yaweza kumuua. Thomas Addison, daktari wa London, aliueleza ugonjwa wa kunyauka kwa tezi za adrenali mwaka 1855, na wengi wa wagonjwa aliowaeleza walikuwa na kifua kikuu kilichokwisha kuingia katika tezi hizo. Kifua kikuu bado ni ugonjwa mkubwa nchini Tanzania, na huwapata watumiaji wa heroini kuliko watu wengine, hasa wenye virusi vya UKIMWI. Zaidi ya hayo, rifampisini, ambayo ni nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, huliharakisha ini kuivunjavunja kotisoli. Mgonjwa aliye katika rifampisini akipewa pia dawa ya kuzuia kotisoli isitengenezwe, atakuwa amenyang'anywa homoni hiyo kwa mikono miwili. Nayo ketokonazoli hugongana na dawa kadhaa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo siku dawa ya namna hii itakapotangazwa katika magazeti ya Ulaya na Marekani kuwa imefaulu, haitafaa kupakiwa tu na kuletwa Kitete au Maweni. Itabidi ijaribiwe upya hapa, kwa wagonjwa wa hapa, na watafiti wa hapa.

Utulivu unaopatikana bila kizuizi

Wakati vizuizi vikisuasua, iko tiba iliyokwisha kuutuliza mlolongo wa dhiki kwa njia nyingine, na Tanzania inayo. Methadoni ilianza kutumiwa kama tiba ya uraibu wa heroini huko New York katikati ya miaka ya 1960 na Vincent Dole, Marie Nyswander na Mary Jeanne Kreek. Kreek alitumia miaka mingi kupima homoni za wagonjwa hao. Aligundua kwamba mtu aliyeacha heroini bila tiba hubaki na mlolongo wa dhiki unaoshtuka kupita kiasi. Kwa mtu aliyekaa katika methadoni kwa dozi thabiti, mlolongo hurejea karibu na hali ya kawaida. Sababu yake si ya ajabu. Methadoni hukaa mwilini siku nzima. Haipandi ghafla, haishuki ghafla, na kirangozi haamshwi mara nne kwa siku.

Kliniki ya kwanza ya methadoni nchini Tanzania ilifunguliwa Muhimbili mwezi Februari 2011, nayo ilikuwa miongoni mwa za kwanza za umma katika nchi za bara kusini mwa Sahara. Mwananyamala na Temeke zilifuata, na baadaye huduma ikatoka Dar es Salaam hadi mikoa mingine, ikiwemo Itega jijini Dodoma. Kwa miaka mingi mgonjwa alitakiwa kufika mwenyewe kila siku ili anywe dozi yake mbele ya mhudumu. Sharti hilo lilikuwa na sababu zake za usalama, lakini lina bei, na bei hiyo hulipwa kwa homoni ileile inayotibiwa. Mtu anayeamka alfajiri, asiye na nauli, akihesabu saa zilizobaki kabla arosto haijamshika, huwa tayari ametiwa mishtuko miguuni. Ni kweli kwamba kotisoli hupanda kwa kila mtu wakati wa kuamka. Lakini kwa huyu hupanda juu ya kilima kilichokwisha kuwapo.

Umbali ni dhiki. Njia ya kati ilijua jambo hilo kabla ya elimu ya homoni kuzaliwa: ndiyo sababu ilikuwa na vituo, Mpwapwa, Kilimatinde, Tabora, ambako watu walipumzika kwa siku au kwa wiki kabla ya kuendelea. Huduma ya uraibu inayojikusanya mijini, ikiwaacha watu wa Kaliua, Sikonge na Uvinza wajisafirishe wenyewe, ni msafara usio na vituo.

Lakini dhiki iliyo kubwa kuliko umbali hutoka kwa watu. Yako majumba ambamo kijana mwenye uraibu hufungwa kamba mpaka arosto imwishe, kwa upendo kabisa, na wazazi waliokwisha kuishiwa mbinu. Yako maneno ya mitaani, teja, mwizi, mfu aliye hai, ambayo hurushwa kila apitapo. Yako mahubiri ya kutisha yenye picha za mafuvu. Ziko shule ambazo mwanafunzi akikutwa na msokoto wa bangi huchapwa mbele ya gwaride na kufukuzwa siku hiyohiyo. Nia ya wote hawa ni njema. Hata hivyo, yatazamwe kwa jicho la majaribio ya Montreal: kiumbe aliyeanza kukisahau kitufe anatiwa mshtuko, kisha watu wanashangaa kwamba amekirudia.

Hapa hutokea pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Wazazi na walimu wengi husema kwamba mtu akiambiwa uraibu wake ni kazi ya homoni, atapata kisingizio. Hatajitahidi tena, na kila akianguka ataitaja CRF kama wengine wanavyomtaja shetani. Pingamizi hili lina uzito, kwa maana juhudi ya mgonjwa ni sehemu ya kila tiba iliyowahi kufaulu. Lakini linachanganya mambo mawili. Mgonjwa wa kisukari naye ana tatizo la homoni, na hakuna daktari anayemwambia kwamba kwa hiyo hana wajibu wa kuangalia chakula chake. Wajibu wake unaongezeka pale anapojua ugonjwa unavyofanya kazi. Vivyo hivyo, kijana anayejua kwamba siku ya msiba au ya ugomvi ndiyo siku ya hatari kubwa kwake anaweza kujiandaa: akamwendea rafiki asiyetumia, akapita njia isiyo na kijiwe, akamwarifu mhudumu wake mapema. Asiyejua hushtukizwa na mwili wake mwenyewe.

Na kwamba mazingira yana nguvu, historia imekwisha kutoa jaribio kubwa kuliko la maabara yoyote. Katika miaka ya 1970 Lee Robins aliwafuatilia askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini au afyuni alipokuwa vitani. Ilitazamiwa kwamba miji ya Marekani ingefurika waraibu. Katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi nyumbani, ni kiasi cha 5 kwa 100 tu miongoni mwa waliokuwa waraibu waliorejea uraibu. Wengi wao hawakupata tiba ya maana. Walichopata ni kuondoka katika vita na kurudi kwa jamaa zao. Mfano huu usitumiwe kupita kiasi, kwa maana kijana wa Kariakoo au wa Ng'ambo ya Tabora hana Vietnam ya kuiacha nyuma: vita vyake viko mlangoni pake. Lakini unathibitisha kwamba utulivu wa maisha huweza kufanya kazi ambayo vizuizi vya homoni bado havijaiweza.

Shule zina nafasi yake katika hili, na Tabora ni mji wa shule tangu shule ya serikali ilipofunguliwa katika miaka ya 1920. Mada ya homoni imo katika muhtasari wa bayolojia. Hufundishwa kwa mchoro wa tezi, jedwali la kazi zake na swali la mtihani, kisha hufungwa. Ingetosha vipindi viwili kuifundisha kwa mfano wa uraibu, pamoja na habari za kushindwa kwa ketokonazoli na veruserfonti, kwa sababu mwanafunzi hujifunza sayansi zaidi kwa jaribio lililoshindwa na kuelezwa vizuri kuliko kwa ushindi kumi uliokaririwa. Pia shule ingeweza kuuliza, kabla ya kumfukuza mwanafunzi aliyekutwa na msokoto, ni dhiki gani iliyompeleka kwenye msokoto huo, na ni dhiki gani atakayoikuta nje ya lango.

Na utafiti wenyewe hauna haja ya kusubiriwa kutoka ng'ambo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo Tabora ambacho jina lake limeshikamana na utafiti wa malale. Kotisoli hupimika katika mate: hakuna sindano, na kwa watu waliochoshwa na sindano hilo si jambo dogo. Kinachohitajika ni wagonjwa wa methadoni walio tayari, vichupa, barafu, na daftari la kuandika saa. Mate yachukuliwe wakati wa kuamka na tena jioni, kwa wanaoishi karibu na kliniki na kwa wanaotoka mbali, kwa wanaoishi na ndugu zao na kwa waliofukuzwa, kwa walio katika rifampisini na kwa wasio katika rifampisini. Kisha wafuatiliwe kwa mwaka mmoja, ionekane nani amebaki katika matibabu na nani ameyaacha. Jaribio la namna hiyo halimzuii mtu homoni yake hata moja, na lingeipa Wizara ya Afya hesabu ambayo hakuna maabara ya Louisiana iwezayo kuitoa: kilomita moja ya njia, au ndugu mmoja aliyekubali kumpokea, ina uzito gani katika damu ya mgonjwa.